Ukisifia Mara ya Tatu

Kilichomshtua Natalia kwanza ni ukimya. Alikuwa anarudi kutoka kliniki, Agatha mgongoni, jua limeshachangamka, na siku zote akifika pale njia ya Mwamkulu inapoteremka kuelekea kwenye majaruba ya mpunga, alikuwa anaisikia kamba yake kabla hajaliona shamba. Makopo ya nyanya huanza kwa mlio mwembamba, ya maziwa hujibu, na kopo kubwa la rangi, mwisho kabisa huko kichakani, humalizia kwa kishindo. Mtu mmoja tu akikaa juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, na kuvuta, mlio ulitembea shamba zima kama mtu anayekimbia juu ya bati. Siku hiyo hakusikia kopo hata moja. Alisikia ndege.

Ndege wakiwa wengi namna ile hawaimbi. Wanavuma, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye karai.

Akakimbia. Agatha mgongoni akaanza kucheka, akidhani ni mchezo wameanzishiwa. Mpunga ulikuwa umetunga maziwa, na huo ndio wakati ambao kwelea kwelea hawana adabu hata kidogo: wanaiminya punje, wananyonya, wanakuachia kapi. Katikati ya majaruba mama mkwe wake, Nyanzala, alikuwa anazunguka na kifuniko cha sufuria na mwiko, kitenge kimemdondoka, anawatukana ndege kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, akimaliza huku wanatua kule. Miti ya kufungia kamba ilikuwa imesimama mstari mzima, mitupu.

"Mayu! Kamba iko wapi?" Mayu ndivyo walivyomwita wote pale nyumbani, ni mama kwa Kisukuma.

"Nimempa mgeni."

"Mgeni yupi?"

"Si yule mwalimu wako wa sanaa. Optatus. Kaja na gari, kijana ana heshima yule, kanisalimia mpaka na ng'ombe akawaulizia."

"Umempa! Mpunga una maziwa, umempa?"

"Sasa ulitaka nifanyeje, Mama Agatha?" Nyanzala akasimama, mwiko umebaki juu. "Kasifia mara tatu."

Natalia akafumba macho. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa Nyanzala, na kwa nyumba nyingi za pale, mgeni akisifia kitu chako mara ya kwanza unashukuru. Akisifia mara ya pili unakitazama vizuri, maana huenda ndiyo mnaagana. Akisifia mara ya tatu ameshaomba, unakifunga unampa, na kumwacha mpaka aseme tena ni kumvua nguo mchana. Kuku walishaondoka hivyo. Vibuyu viliondoka hivyo. Redio ya Mabula, mume wake Natalia, iliondoka hivyo na fundi wa baiskeli ambaye masikini hata hakuwa anaitaka, alikuwa anaongea tu.

Lakini Optatus hakuwa anaongea tu. Optatus alizaliwa Kakese, hapo hapo jirani.

Ngoja turudi nyuma kidogo, maana hasira ya Natalia ilikuwa na mizizi na mizizi yenyewe aliipanda kwa mkono wake.

Natalia alikuwa anasoma masomo ya jioni Makanyagio, huko mjini. Shule aliiacha kidato cha pili, mama yake mzazi alipougua huko Mpimbwe na hakukuwa na mwingine wa kumuuguza. Sasa, mke wa mtu na mtoto wa kunyonya, alikuwa ameianza upya. Mchana shamba, jioni darasani, Agatha amelala kwenye kanga chini ya dawati, na Mabula, ambaye kazi yake ni bodaboda mjini, anawangoja nje kuwarudisha nyumbani. Basi pale kwenye kituo cha masomo akaja Optatus kufundisha wiki mbili za sanaa. Amesoma Dar, ametembea nchi za watu, ana miwani ya duara na maneno ambayo ukiyasikia unatamani uwe na daftari jipya.

"Msanii wa leo haanzi na rangi," aliwaambia. "Anaanza na maisha aliyoyaishi. Msiniletee simba na machweo. Nileteeni kitu ambacho mikono yenu inakijua."

Natalia akanyoosha mkono. "Hata kamba ya kuamia, ya kufukuzia ndege, mwalimu?"

Darasa zima likacheka. Optatus hakucheka. Alivua miwani, akasema, "Hasa hiyo."

Hilo neno, hasa hiyo, Natalia alilibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba andazi la moto kwenye karatasi. Maana ile kamba ilikuwa yake kweli. Makopo aliyachagua moja moja kwa wauza vyuma chakavu, anaokota kopo, analigonga kwa ukucha, anasikiliza, anarudisha, mpaka muuzaji akamuuliza, dada unanunua kopo au unaposa? Alijua ndege wakizoea mlio mmoja wanaupuuza, kwa hiyo kila baada ya siku chache aliyapanga upya, jembamba kwa nene, nene kwa jembamba, akaongeza vizibo vya soda na vitambaa, akaongeza utepe wa kaseti za zamani ambao upepo ukiupitia unalia wenyewe na jua likiupiga unawaka. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni sanaa. Alikuwa anajua tu kwamba akiipanga vizuri moyo wake unatulia.

Kwa hiyo ni yeye mwenyewe aliyemwalika Optatus shambani. Akaja, akapiga picha, akavuta kamba, akakaa juu ya dungu muda mrefu. Kisha akaiomba kwa ajili ya onyesho lake.

"Nitakutengenezea nyingine," Natalia alimwambia kwa furaha. "Nzuri kuliko hii. Tukishavuna."

"Ya kutengeneza kwa ajili ya ukuta haina maisha ndani yake, dada Natalia. Watu watajua."

"Basi subiri tuvune, uchukue hii hii."

"Onyesho halisubiri mpunga," alisema, akicheka. Natalia naye akacheka, akadhani mazungumzo yameisha.

Kumbe mwenzake alikuwa anahesabu siku ya kliniki.

Natalia alimpigia simu pale pale shambani, ndege wanavuma, mtoto analia sasa maana mchezo umekuwa mrefu.

"Kaka Optatus, rudisha kamba."

"Dada Natalia! Nilikuwa nataka nikupigie. Mama alitoa mwenyewe, kwa moyo mweupe. Hata video ninayo, anakubali mbele ya kamera, anatabasamu."

"Anatabasamu kwa sababu wewe ni mgeni! Mpunga wangu unaliwa, unasikia? Sikiliza." Akanyoosha simu kuelekea angani.

Optatus akasema, taratibu, kama mtu aliyeonja kitu, "Hebu endelea kushika hivyo hivyo. Narekodi."

Natalia alitazama ile simu kama imemtemea mate. Akaikata. Alipompigia tena, alikuwa hapatikani.

Jioni Mabula alirudi, akasikia habari, akawasha pikipiki bila hata kunywa maji. "Huyo leo namning'iniza yeye kwenye mti na makopo masikioni. Wataona sanaa." Alizunguka Makanyagio yote. Ukumbi wa onyesho ulikuwa na kufuli, nyumba ya wageni wakamwambia ametoka na mafundi, na mlinzi akamwambia milango inafunguliwa Jumamosi kwa wageni rasmi. Akarudi na kamba ya nailoni na makopo matatu, basi. Wauza vyuma chakavu walikuwa wamepakia mzigo wao wote siku iliyotangulia kwenda nao mbali.

Siku zilizobaki mpaka Jumamosi wale wanawake wawili waligeuka kuwa kamba. Toka ndege wanaamka mpaka wanalala, Natalia upande huu na Agatha mgongoni, Nyanzala upande ule na kifuniko chake, wanapokezana kelele. Swaa! Swaa! Sauti inatoka tumboni, halafu inatoka kifuani, halafu inatoka kooni, halafu haitoki. Nyanzala alimaliza yake kwanza. Mama yule ambaye mwenzake akiwa ng'ambo ya mto wanaweza kupiga umbea bila kusogea, sasa anaomba chumvi kwa vidole. Na huzuni ilimwingia, maana alijua. Usiku mmoja alimshika Natalia mkono, akamwonyesha mdomo wake, kisha akaupiga kofi. Ule mdomo uliosema chukua, mwanangu.

Natalia aliushusha ule mkono. Hakuwa na hasira naye. Hasira yake ilikuwa inaenda mahali pamoja tu, kama maji yaliyochimbiwa mfereji. Mayu kafanya kile anachofanya mtu mwenye nyumba. Yule mwingine alikuwa anajua mlango ule unafunguliwaje, akaja kuufungua mwenyewe hayupo.

Jumamosi asubuhi alipojaribu kumwimbia Agatha, kilichotoka kinywani ni upepo mtupu. Akamfunga mtoto mgongoni, akapanda pikipiki nyuma ya mume wake.

Ukumbi ule watu wa Makanyagio wanaujua kwa harusi. Bati juu, jukwaa dogo mbele, na siku hiyo utepe wa zambarau wa harusi ya wiki iliyopita ulikuwa bado umejificha kwenye pembe moja ya dari. Viti vilikuwa vimejaa: viongozi wa kata mstari wa mbele, walimu, wanafunzi wenzake wa jioni waliovaa nguo zao za kanisani, akina mama wa chakula wamesimama nyuma na sinia zao. Na ukuta wa mbele, uliopakwa chokaa mpya, ndipo kamba yake ilipokuwa.

Natalia alisimama mlangoni, na kwa muda kidogo hasira ikamtoka, hata akaogopa.

Ilikuwa nzuri. Hajawahi kuiona hivyo. Shambani unaiona kipande kwa kipande, jua machoni, ndege kichwani. Hapa ilikuwa imepanda na kushuka ukuta mzima, makopo ya nyanya mekundu juu, ya maziwa katikati, utepe wa kaseti unacheza kwenye upepo wa feni kama maji ya usiku, na kopo kubwa la rangi limeshuka mpaka karibu na sakafu. Nimefanya mimi hii, aliwaza. Ni mimi. Machozi yakamkaribia.

Akasogea asome karatasi iliyobandikwa pembeni.

KUAMIA. Kazi ya Optatus. Vifaa: makopo, kamba ya nailoni, utepe wa kaseti, vitambaa, maisha ya mwanamke wa Mwamkulu.

Alisoma mara mbili. Ametajwa baada ya vitambaa.

Hasira ikarudi, na safari hii ilirudi na ndugu zake wote.

Jukwaani Optatus alikuwa anaongea, mkono mfukoni. "Zamani msanii angechora mwanamke anafukuza ndege, tukasema ah, amepatia. Mimi nauliza, kwa nini nichore? Sanaa ya leo haiigi maisha, inayaleta yenyewe. Kamba hii sikuitengeneza. Nimeileta na jasho lake. Wiki hii ilikuwa shambani inafanya kazi. Hicho ndicho kinachoipa uzito." Akamwona Natalia. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye uso ulimng'aa. "Na tuna bahati ndugu zangu, mwenyewe yupo! Karibu dada Natalia, karibu mbele."

Watu wakageuka. Natalia akapita katikati ya viti, mtoto mgongoni, tope la majaruba limekaukia miguuni. Alifika mbele akafungua kinywa.

"Nimefuata kamba yangu," alisema. Hata yeye mwenyewe hakujisikia.

Optatus akainama, akaweka sikio karibu. Alisikia. Natalia aliona macho yake yakisikia. Kisha akasimama wima, akawageukia wageni.

"Anasema amefurahi sana kuiona kamba yake hapa."

Makofi.

Natalia alisimama mbele ya yale makofi, kinywa wazi. Alijaribu tena, upepo ukatoka. Alitikisa kichwa, wakadhani ni aibu ya mwanamke wa shamba, mama mmoja mstari wa mbele akamtabasamulia kwa huruma, kama unavyomtabasamulia mtoto aliyesahau shairi. Sauti yake aliimaliza kufukuza ndege ambao huyu mtu ndiye aliyewaalika, na sasa anasimama hapa kumsemea!

Basi akaacha kutafuta sauti. Akaenda ukutani, akaushika mwisho wa kamba, akakaza miguu kama yuko juu ya dungu, akavuta.

Kumbe shambani mlio ule una mahali pa kwenda. Mle ndani, chini ya bati, haukuwa na pa kutokea. Makopo yote yalilia kwa pamoja, vizibo vikafuata, kopo la rangi likapiga ukuta, bati likaitikia, watu wa mbele wakashika masikio. Na kule nyuma, mama mmoja wa chakula, wa Kakese yule, sinia mkononi, akapiga kelele kabla hajajijua: "Swaaa! Kushoto! Wanatua kushoto!" Mzee mmoja wa kata alitazama juu darini kutafuta ndege. Wanafunzi wenzake Natalia, nusu yao watoto wa wakulima, walikuwa wamesimama tayari.

Mgongoni Agatha akacheka kwa sauti. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, akatazama uso wa Natalia, akaiweka mikono yake mapajani.

Natalia akaanza kufungua mafundo. Yalikuwa mafundo yake, aliyajua. Kopo la kwanza, la pili.

Optatus akamfuata mbio, akamsogelea mpaka karibu, sasa anaongea chini chini na ile sauti ya jukwaani imemwishia. "Natalia, usinifanyie hivi. Acha mpaka kesho tu. Unajua nimeitafuta nafasi hii muda gani? Huyo aliyekaa pale ni Madam Suzana, ametoka Dar, ndiye anayechagua kazi za kwenda mbele. Nitakununulia makopo mapya, dukani, na vyakula vyake ndani."

Natalia aliendelea kufungua.

"Na isitoshe haya ni maisha yangu pia! Mimi nimeamia ndege toka nina akili. Mama yangu alinichapa kwa kusinzia juu ya dungu. Usinione mtu wa miwani. Nami nimeishi haya."

Natalia akageuka, akalazimisha koo lake, likatoa sauti kama kaseti iliyokwaruzika. "Basi ungeleta kamba yako."

"Yetu haipo. Tuliuza shamba nilipoenda kusoma."

"Basi ungeleta hilo. Kwamba haipo." Akakohoa. "Umeona aibu ya kwako, umekuja kuchukua ya kwangu."

Optatus alirudi hatua moja nyuma. Natalia, ambaye si mtu mkatili, angeweza kumhurumia siku nyingine. Siku hiyo alimsogezea uso. "Niambie kitu kimoja. Ulijua? Mayu, akisifiwa mara tatu. Ulijua?"

Alitazama chini. Alitazama wageni. Akavua miwani, kama siku ile ya hasa hiyo.

"Nilijua."

Natalia alimwangalia mpaka Optatus akashindwa kusimama pale. Hakumtukana. Matusi aliyokuwa nayo yalihitaji sauti nzima, na hii iliyobaki alikuwa anaitunzia shamba.

Mgeni wa Dar, Madam Suzana, alikuwa ameshafika karibu, mwanamke mnene wa makamo na kalamu sikioni. Alikuwa amesikia la mwisho. "Samahani, mama. Hii kamba ni ya nani?"

Natalia akajigusa kifua.

"Umeitengeneza wewe?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Na ukiiondoa, hapa ukutani patabaki nini?"

Natalia akaitazama ile karatasi. Kisha akanyoosha mkono, akaichomoa kalamu kwenye sikio la mgeni bila kuomba. Watu wakaguna, na kweli haikuwa adabu, lakini adabu ilikuwa imeshamlia mpunga. Akaing'oa karatasi ukutani, akaigeuza nyuma, akaandika kwa mwandiko wake wa masomo ya jioni, mkubwa, wa kulala kidogo:

Kamba hii ni kazi ya Natalia wa Mwamkulu. Haipo hapa kwa sababu iko kazini. Anayetaka kuiona aje shambani asubuhi, ndege wanapoamka.

Akaibandika. Akarudisha kalamu. Wenzake wawili wa darasani wakaja bila kuitwa, wakashika upande wa pili wa kamba, wakaikusanya pamoja naye.

Nje Mabula aliizungusha ile kamba kwenye pikipiki kila alipoona nafasi, na walipoondoka mji mzima ulijua. Makopo yaligonga kila shimo, watu wakatoka madukani, "Harusi ya nani hiyo jamani?" mtu akauliza, na Mabula akajibu, "Ya mke wangu na mpunga wake, mchango tunapokea!" Natalia nyuma hakucheka. Alikuwa anatazama mbele, akimwambia Mungu maneno mafupi.

Walifika. Mpunga wenye punje unainama. Majaruba ya upande wa kichaka yote yalikuwa yamesimama wima, mabua mepesi, yanacheza na upepo kama hayana la kubeba, na kweli hayakuwa nalo. Hapo ndipo alipolia. Alilia huku anafunga kamba, fundo kwa fundo, kamasi zinamtoka, na Nyanzala anamfuata nyuma akimshikia makopo, wote wawili mabubu. Lakini majaruba ya huku nyumbani yalikuwa bado yameinamisha vichwa. Alipomaliza akapanda dungu, akavuta, mlio ukaondoka mwembamba, ukanenepa, ukafika kichakani, du! Wingu la ndege likanyanyuka, likasita, likaenda zake.

Asubuhi yake gari likasimama juu njiani. Madam Suzana akateremka, na nyuma yake wageni wachache, na wale wanafunzi wa jioni, na yule mama wa chakula wa Kakese na kelele zake. Viatu vyao viliharibika kabla hawajafika jaruba la kwanza. Kwenye gari alibaki mtu mmoja, kioo kimeshushwa nusu, miwani ya duara inaonekana. Hakuteremka. Natalia alimwona, akageuza uso. Siku ya kumsikiliza huenda itakuja, lakini haikuwa hiyo, na wala si yeye atakayeipanga.

Nyanzala aliwapokea wageni kwa mikono miwili. Madam Suzana alipanda dungu kwa taabu, mbao zikalalamika, akakaa, akashika kamba, akavuta. Alisikiliza mlio ukienda mpaka mwisho. Akavuta tena. Uso wake ukawa kama wa mtoto.

"Jamani," alisema, "hiki kitu ni kizuri."

Nyanzala aliitikia kwa kichwa, akishukuru.

Natalia alikuwa amekaa chini ya dungu, Agatha kwenye ziwa. Alikuwa anawaza kamba ya pili, ile aliyoahidi tokea mwanzo, atakayoitengeneza wakishavuna, na jinsi atakavyoyapanga makopo sasa akijua yanavyoonekana ukutani kwa mbali. Na karatasi yake ataiandika mwenyewe.

"Yaani," Madam Suzana akaendelea huku anavuta, "ni kizuri sana."

Nyanzala akageuka. Akaitazama kamba, mti kwa mti, taratibu, kama mtu anayemuaga ndugu stendi. Kisha mikono yake ikaanza kwenda kwenye fundo la kwanza.

"Mayu!" Sauti ya Natalia ilitoka, yote, toka tumboni, mpaka Agatha akaachia ziwa kwa mshtuko na ndege wa jirani wakaruka. "Mayu, usithubutu! Na wewe, Madam, ishia hapo hapo."

Madam Suzana aliganda, mdomo wazi, neno la tatu likiwa kwenye ulimi.

"Limeze," Natalia akamwambia. "Ukilitoa hilo unaondoka na mpunga wetu. Wewe vuta tu."

Mgeni akameza. Akakaza miguu juu ya dungu, akavuta.